Mrejesho: Kuhama kutoka pikipiki ya cc 125 kwenda cc 250

Ndugu zangu, niliomba ushauri iwapo mwendeshaji mpya kama mimi, anayetoka Kimara kwenda Posta kila siku ya kazi, amefikia wakati wa kuhama kutoka pikipiki ya cc 125 kwenda ya cc 250. Wengi mlinijibu kwamba kipimo si miezi bali ni kuimudu breki na mwendo wa polepole, na sasa nakubaliana nanyi kabisa.

Nilifanya mazoezi uwanjani: kubana breki ya mbele kidogo kidogo hadi uzito uhamie tairi la mbele, ndipo kuikaza bila gurudumu kujifunga, na kugeuza kwenye mduara mdogo kwa nusu klachi, yaani klachi ikiwa imebanwa nusu tu, mguu ukigusa breki ya nyuma, macho yakitazama ninakokwenda. Kinachobaki kigumu ni mchanga wa barabara za mtaani, kwa maana pikipiki nzito ikianza kulala huizuii kwa mguu.

Nimeinunua ya cc 250 baada ya kupata leseni ya daraja A, kwa kuwa A1 ni ya pikipiki ndogo. Nguvu yake naifurahia sana kuelekea Kibaha. Kwenye foleni ya Ubungo, hata hivyo, uzito na joto la injini vinachosha, hivyo ile ndogo siiuzi.