Mtoto kaamka na malengelenge shingoni: daktari wa ngozi wa mtandaoni yupi anatufaa sisi wa Dodoma?

Mama Wawili (Nzuguni)

Mbukwenyi ndugu zangu. Naomba tulinganishe hili jambo maana wiki hii limenitoa jasho.

Jumapili alfajiri mwanangu wa miaka sita aliamka analia, kashika shingo. Nawasha taa, nakuta mstari wa rangi ya zambarau umeanzia chini ya sikio umeteremka mpaka kwenye mtulinga, utadhani kachapwa na waya uliotoka motoni. Kufika saa sita mchana ulishajaa vilengelenge vidogo vya maji. Jirani mmoja akasema ni mkanda wa jeshi. Mwingine akanivuta pembeni akaniambia nimchunguze dada wa kazi, hiyo ni pasi. Binti wa watu alisikia. Akakaa jikoni analia, maji ya chai yakachemka mpaka yakakauka sufuriani.

Jumapili bingwa wa ngozi nitampata wapi? Nikajaribu njia tatu.

Ya kwanza ni tovuti ya nje. Unatuma picha, unajaza maelezo, unalipa kwa kadi. Majibu yalikuja baada ya saa tano, kwa Kiingereza, na daktari alionekana anaijua kazi yake. Alisema ngozi imeguswa na kitu kinachounguza, akataja krimu. Krimu yenyewe kwa jina lile niliikosa maduka manne, kuanzia huku Nzuguni mpaka Majengo. Ilinigharimu kama elfu sabini za kwetu.

Ya pili, duka la dawa. Kijana alitazama picha kwenye simu yangu kidogo tu, akashusha krimu akasema hii inatibu kila kitu. Sikununua.

Ya tatu ni daktari wa hapahapa nchini, nilielekezwa na shemeji yangu. Nilituma picha kwa WhatsApp, nikalipa elfu kumi na tano kwa simu, na baada ya dakika ishirini akanipigia kwa video. Hakuanza na dawa. Aliuliza: "Mama, dirisha la anakolala lina wavu? Taa ya nje huwa mnaizima usiku?" Kisha akasema nimwinamishe mtoto shingo iegemee bega. Ule mstari ukakutana na doa jingine juu ya bega ambalo sikuwa nimeliona, sawasawa kama wino uliolowesha kurasa mbili za daftari lililofungwa. Akasema huyu kampondea mdudu wa Nairobi shingoni akiwa usingizini.

Mtoto wangu ameshapata nafuu, lakini sitaki siku nyingine nianze kuhangaika upya. Mwenye uzoefu aniambie, ipi ya kuishika?

Tabibu wa Kongwa

Pole sana dada. Huyo daktari alikutendea haki. Kwa faida ya wengine: ni mdudu mwembamba, hazidi sentimita moja, ana mikanda myeusi na ya chungwa inayopishana. Msimu wa mvua, kwetu huku Desemba mpaka Machi au Aprili, anafuata mwanga wa taa. Haumi wala hana mwiba. Sumu yake, pederini, iko ndani ya mwili wake, ukimponda ndipo inakupata. Na haiunguzi papo hapo. Alama hutokeza baada ya siku moja hivi au mbili, ndiyo maana hakuna anayekumbuka kumwona na watu wanaanza kutafuta wa kumlaumu. Akikutua mpulize, au mpandishe kwenye karatasi. Ukishamponda, osha na sabuni na maji mengi saa hiyohiyo, na usipeleke mkono machoni. Shuka nazo zifuliwe.

Kuhusu swali lako, mimi ningeuliza hivi: huyo wa mtandaoni akikwama, atakupeleka wapi? Picha haigusiki. Huwezi kuikwangua ukaangalia fangasi kwenye darubini, wala kukata kinyama kikapimwe. Wa nje atakuandikia "muone bingwa wa ngozi", basi, umerudi ulikoanzia. Wa hapa atakuandikia rufaa ya kwenda hospitali zetu za hapa Dodoma, General au Benjamin Mkapa, na atataja dawa ambayo duka letu linayo. Kwa hiyo mimi wa nje namweka mwisho, hata kama ana jicho zuri.

Halafu kuna hali ambazo sitaki mtu apoteze hata dakika tano kutafuta kona yenye mwanga mzuri apige picha. Midomo au ulimi kuvimba na pumzi kubana. Homa pamoja na madoa ya zambarau yasiyofifia ukiyabonyeza. Mtoto mchanga mwenye malengelenge na homa. Na ile inayonitisha kuliko zote: mtu kaanza dawa siku au wiki chache nyuma, iwe Septrini, SP ya malaria au dawa ya kifafa, sasa ngozi inauma na kuchubuka, mdomo una vidonda, macho mekundu. Huyo asimeze kidonge kingine. Chukua pakiti ya dawa mkononi, nendeni hospitali.

Zabibu ya Hombolo

Mama Wawili, umeniponya roho kwa kutonunua ile krimu. Ngoja nikueleze yangu.

Mwaka juzi nilipata duara pajani, la ukubwa wa sarafu ya mia mbili, linawasha. Choa ya kawaida tu. Dukani wakanipa hiyo ya kila kitu. Siku ya tatu kuwasha kumeisha, nikafurahi. Nikaacha, ikarudi. Nikapaka tena. Miezi minne baadaye duara halikuwa duara tena, lilikuwa kitu kisicho na ukingo, kimepanda mpaka kiunoni, katikati ngozi imekuwa nyembamba ina mistari kama ya mjamzito.

Nikaingia huduma moja ya mtandaoni, jina siitaji. Nikatuma picha. Ndani ya robo saa jibu: pumu ya ngozi, paka krimu fulani. Nikasoma pakiti, ni steroidi tena, ile dawa ya kunyamazisha muwasho iliyokuwemo kwenye krimu ya dukani, na hii kali kuliko ya kwanza! Hakuna aliyeniuliza hata mara moja nimeshapaka nini. Hapo ndipo kosa lilipo. Kujibiwa haraka kulinifaa nini ikiwa anayejibu hakuuliza?

Nilichopata hospitali ya rufaa ni rahisi mno: walikwangua ngozi, wakaona fangasi, nikapewa vidonge vya wiki kadhaa. Daktari akanieleza kwamba krimu zile zinachanganya dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi. Steroidi inanyamazisha muwasho na kuufuta ule ukingo, huku fangasi chini wanaendelea kula. Ile mistari ya pajani ipo mpaka leo.

Kwa hiyo mimi kipimo changu kwa daktari wa mtandaoni ni kimoja. Asipouliza "umepaka nini mpaka sasa?", nafunga mazungumzo.

Mkazi wa Makole

Heshima kwenu wote, lakini mimi bado naona bora kwenda. Ngozi iko nje, ya nini kuiangalia kwenye kioo cha simu? Nilikwenda na mke wangu asubuhi mapema, tulikaa foleni, ndiyo, lakini tulitoka na jibu na dawa siku hiyohiyo. Mtandaoni tulishalipa mara mbili na kila mmoja kasema lake.

Tabibu wa Kongwa

Kaka wa Makole, ukiwa Makole una haki ya kusema hivyo, hospitali unaifikia kwa mguu. Mgonjwa wangu analipa nauli ya basi kwenda na kurudi, anaacha shamba, na anaweza kufika akaambiwa kliniki ya ngozi ni siku nyingine. Huyu picha inamsaidia kujua kama safari ni ya leo au inaweza kusubiri.

Jambo jingine watu hawalijui. Si lazima umpate bingwa. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo cha kufundisha magonjwa ya ngozi kinachopokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika, na matabibu waliopita pale wanarudi kufanya kazi mikoani. Ukifika hospitali uliza "nani hapa anashughulika na ngozi?", usiulize tu "bingwa yupo?"

Kijana wa Chuo (UDOM)

Naongezea kwenye picha, maana nimewasaidia wengi bwenini na nusu ya picha hazifai kabisa.

Toka nje au kaa dirishani, kivulini, asubuhi au jioni. Zima mwanga wa simu. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa, kinakuwa na mafuta ya mkono. Piga moja ya mbali ionyeshe ni sehemu gani ya mwili, moja ya karibu zaidi, moja ya karibu kabisa ukiwa umeweka sarafu pembeni. Picha ikitoka na ukungu kwa kuwa umesogea mno, rudi nyuma kidogo kisha ukuze. Upande wa pili wa mwili nao upigwe, daktari alinganishe. Kwenye WhatsApp tuma kama faili, isiende kama picha ya kawaida, kwa sababu programu inaibana na vipele vidogo vinapotea. Na usiweke urembo wowote wa kulainisha ngozi, simu nyingine zinafanya hivyo zenyewe, ingia kwenye mipangilio uzime.

Ngozi zetu nyeusi, wekundu hauonekani kama kwenye vitabu vya wazungu. Unakuja zambarau, kahawia, au weusi uliokolea. Andika kwa maneno: pana joto? pamevimba? panauma au panawasha? Hizi programu zinazotumia akili bandia kusoma picha mimi siziamini kwa sasa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa 2022 uliona zinakosea zaidi kwenye ngozi nyeusi, kwa kuwa zimefundishwa zaidi kwa picha za ngozi nyeupe.

Mwisho, kabla hujatuma picha ya mwili wako au wa mtoto, hakikisha anayepokea ni daktari. Muulize namba yake ya usajili, Baraza la Madaktari Tanganyika lina orodha. Daktari wa kweli hakasiriki ukimuuliza. Pia tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, picha yako ya matibabu haitakiwi kuonekana kwenye tangazo la mtu bila ridhaa yako. Picha isiwe na uso kama ugonjwa hauko usoni.

Mzee wa Kondoa

Wanangu, nawasalimu. Huku kwetu mtandao unashikwa mlimani, chini bondeni hakuna. Februari nilipata maumivu ya kuungua kwenye paji la uso, upande wa kulia tu, siku mbili bila kitu chochote. Siku ya tatu vikatoka vilengelenge mpaka kwenye kope. Mjukuu wangu alitaka anipige picha apeleke kwa daktari wa simu. Muuguzi wa zahanati akamkatalia, akasema huu ni mkanda wa jeshi na umekaribia jicho, hapa hakuna kusubiri majibu. Picha aliipiga yeye mwenyewe akiwa ameshaniitia bodaboda, akaitanguliza hospitali ili nikifika wawe wananijua. Nilipofika walikuwa wananisubiri. Jicho langu linaona.

Hiyo ndiyo njia ninayoisema mimi. Mwenye simu awe muuguzi wa zahanati.

Tabibu wa Kongwa

Shikamoo mzee. Muuguzi huyo Mungu ambariki. Dawa za virusi vya mkanda wa jeshi zinafanya kazi vizuri zaidi zikianza ndani ya saa 72 tangu vipele vitoke, na jicho halina subira. Na tofauti yake na mdudu wa Nairobi ni hiyo aliyoitaja mzee: maumivu yanatangulia, na unashika upande mmoja, hauvuki katikati ya mwili. Ukipata mkanda wa jeshi ukashauriwa kupima VVU, kubali, ni kawaida ya matibabu, si tusi.

Malengelenge yenye homa na tezi kuvimba nayo msiyabeze. Machi 2025 Wizara ya Afya ilitangaza wagonjwa wa kwanza wa mpox (homa ya nyani) hapa nchini. Ukiwa na wasiwasi piga 199, ni bure, kabla hujapanda daladala.

Mama Wawili (Nzuguni)

Shikamoo mzee wa Kondoa, na asanteni wote. Nimeamua. Huyu daktari wa hapa nchini nimemhifadhi kwenye simu, namba yake ya usajili nimemuomba na amenipa bila kusita. Tovuti ya nje naiacha. Dada Zabibu, swali lako la "umepaka nini" nimeliandika kwenye karatasi, nimelibandika ndani ya mlango wa kabati la dawa.

Mtoto anaendelea vizuri. Alipewa krimu ya steroidi laini ya siku chache tu na kitambaa cha maji baridi. Malengelenge yamekauka, limebaki doa jeusi ambalo daktari kasema litafifia taratibu, pengine miezi. Nimemtumia picha ya siku ya tano bila kulipa tena.

Dada wa kazi nilimwita sebuleni, nikaweka simu katikati, daktari akarudia maelezo yote yeye akisikia, na yule jirani naye nilimwita. Jioni tulinunua wavu, mimi na binti tukaupigilia dirishani pamoja. Taa ya nje sasa tunaizima saa mbili.