Naomba ushauri: mjukuu aliyerithi jina la bibi, itahesabika kuwa fantasia?

BintiMatombo
Wakuu habari za jioni, na shikamooni mliotangulia.

Kuna wito wa hadithi fupi unazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Wanataka fantasia, yaani hadithi ya maajabu, inayohusu undugu, maneno 3000 hadi 5000, mswada usiwe na jina la mwandishi. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro mjini, naandika usiku wateja wakishaondoka. Hadithi ninayo, ila nimekwama.

Sisi Waluguru ukoo tunaufuata kwa mama. Mtu mzima akifa, jina lake hurithiwa na mtu wa ukoo, na mrithi anakaa kwenye nafasi ya marehemu. Unaweza kukuta mzee mwenye mvi anamwita binti mdogo "mama", na hakuna anayecheka. Kwenye hadithi yangu binti wa miaka 19 anarithi jina la bibi yake, halafu jina linaingia na bibi mwenyewe. Anajua mpaka wa shamba la migomba ulipokuwa kabla mjomba hajausogeza. Anajua nani alikopa mbuzi akanyamaza. Lakini kila akichota kumbukumbu moja ya bibi, moja ya kwake inafutika. Mwishoni mama yake mzazi anaingia jikoni, na binti anamwona kama mtoto wake wa kumzaa, anamgombeza kwa kuchelewa kutoka mtoni.

Nilimsomea mama mdogo. Akaendelea kumenya magimbi, kisha akasema, "Sasa hapo umetunga nini? Si ndivyo ilivyo?" Nikaishiwa nguvu. Rafiki yangu ananishauri nimwingize joka la Kolelo, ule mzimu wa milima yetu ya Uluguru, pangoni ili wahariri waone maajabu kwa macho. Nimwingize? Pia imefika maneno 6100, na sehemu ya kwanza niliwahi kuibandika Facebook.

MwanaMvita
Dadangu, joka liache lilale. Huku kwetu Mombasa kuna nyumba zenye majini ya ukoo, mama anamwachia binti, na ubani hufukizwa usiku wa Ijumaa kama kazi nyingine yoyote ya nyumbani. Mtu wa ndani hashangai. Mama mdogo kutoshangaa ni sifa kwako, maana yake umeandika watu wake sawasawa.

Kalamu Kavu
Marahaba binti. Niliwahi kusaidia kuchambua miswada ya mkusanyiko mmoja, sitautaja, kwa hiyo naongea kwa niliyoyaona mezani.

Hadithi za undugu huja nyingi, na nyingi zinafanana: bibi mwenye hekima anakufa ukurasa wa kwanza, mjukuu anaota ndoto, jini linatokea na kumaliza matatizo yote. Familia humo imewekwa kama picha ukutani. Ukiwaondoa ndugu ukaweka majirani, hakuna kinachobadilika. Hizo tulikuwa tunaziweka pembeni mapema.

Yako ina kitu. Kurithi jina ni mila, na mama mdogo anaijua. Ila ile sharti ya kutoa kumbukumbu yako ili upate ya bibi hukuipata kwa wazee, umeitunga wewe, na fantasia yako iko hapo. Nadhani mama mdogo hakuisikia kwa sababu umeichelewesha. Nakisia kurasa za mwanzo umezijaza matanga: nani alikaa wapi, nani alileta nini. Sharti ije mapema na ianze kwa jambo dogo. Binti ameketi kwenye cherehani aliyoizoea, anashindwa kukumbuka uzi unapita wapi. Hujaeleza chochote, na msomaji tayari ana wasiwasi.

Shaaban Robert katika Adili na Nduguze aliwageuza ndugu wawili kuwa manyani. Geuko lenyewe ni la kawaida kwenye hadithi za kale. Kinachouma ni kwamba Adili analazimika kuwachapa ndugu zake kila usiku. Maajabu yamemwekea mtu wajibu ambao undugu unaukataa. Wewe pia unao: binti akisema ukweli wa mpaka, ukoo unapata shamba, mama yake anapoteza mtoto. Nani kwenye kikao cha ukoo anajua bei hiyo na bado anamwambia "endelea, kumbuka zaidi"? Mtafute huyo. Mimi ningemfanya awe mama yake.

Kolelo usimguse kama hana kazi. Pale pangoni kwake watu waliomba mvua, na wapo wanaomheshimu hadi leo.

Maneno 1100 yapunguze kama unavyopunguza gauni, kwenye mshono, usianzie kwenye pindo. Mwisho wako ni mzuri, kata katikati.

Kuhusu Facebook, wahariri wengi huhesabu hiyo kuwa imeshachapishwa, na kufuta hakubadilishi kitu. Waambie kwenye barua ya kutuma mswada, sentensi moja inatosha, waamue wenyewe. Mkataba ukija, angalia wanachukua haki ya kuchapisha mara ya kwanza kwa muda gani, na kama wamechomeka haki za tafsiri na za sauti humo humo. "Haki zote, milele" usitie saini. Wakidai ada ya kusoma mswada, mimi huwa naachana nao.

Mla_Mbivu
Mzee, napingana kidogo. Matanga yote yakikatwa, msomaji wa Goma au Kisumu atajuaje kwa nini binti anaitwa mama? Aya moja ibaki.

Kalamu Kavu
Aya si lazima. Mzee mwenye mvi amwamkie binti "shikamoo mama", binti aitikie marahaba. Msomaji wa Goma ataelewa.

BintiMatombo
Asanteni sana. Mzee umepiga ramli, matanga yamekula kurasa nne! Na hilo la mama ndiye anayemsukuma binti limenitia baridi, nitalijaribu usiku huu. Swali jingine: jina nililotumia ni la bibi yangu kweli.

MwanaMvita
Na nduguze wako hai? Badilisha, dada. Hasa kama kuna mjomba wa kweli na mpaka wa kweli.

BintiMatombo
😂 Mjomba yupo. Mpaka pia upo. Nabadilisha.

Mla_Mbivu
Usisahau kufuta jina lako kwenye taarifa za faili pia, Word huliweka bila kukuuliza. Na nimeuona huo wito: mwisho ni saa 5:59 usiku kwa saa za GMT, kwetu ni saa 8:59 usiku. Lakini usingoje huko, umeme wa hapa unaujua.