Naombeni ushauri: Fand wa Ireland nimwite jini au nimwite nani?

Mama Tausi
Habari zenu wapendwa. Mimi nipo Ireland, Dundalk, mwaka wa nne huu. Huku tuna kikundi chetu cha watoto, Jumamosi moja kwa mwezi tunawasimulia hadithi kwa Kiswahili maana wanatupotea hawa, ukimuita anakujibu kizungu. Sasa zamu yangu imeangukia mwisho wa Oktoba, na huku mwisho wa Oktoba ndo Samhain, wanatamka kama sauin, usiku ambao wazee wao waliamini kule kwa wasioonekana kunakuwa wazi. Nikasema ngoja niwape ya hapahapa, hadithi ya kale ya huyo Fand, maana uwanda wa Muirthemne wa kwenye hadithi ndo huku kwetu Louth.

Kwa msioijua: shujaa Cú Chulainn anawakamatia wanawake wa Ulster, kaskazini mwa Ireland, ndege ziwani, kila mmoja anapata isipokuwa mkewe yeye. Wakaja ndege wawili wameungwa kwa mnyororo wa dhahabu nyekundu, anarusha jiwe anakosa, la pili anakosa, mkuki unaishia kwenye bawa. Anaenda kuegemea jiwe refu kwa hasira, usingizi unampitia. Wanamtokea wanawake wawili, mmoja joho la kijani mwingine jekundu, wanacheka huku wanamchapa mijeledi zamu kwa zamu mpaka karibu roho imtoke. Mwaka mzima kitandani. Kumbe ni Fand na dada yake Lí Ban. Fand kaachwa na mumewe Manannán, bwana wa bahari, na roho yake iko kwa Cú Chulainn, halafu Labraid, mume wa Lí Ban, anataka mtu wa kumpigania vita siku moja tu. Jamaa akaenda, akapigana, akakaa na Fand mwezi mzima.

Maswali yangu mawili. Fand ni wa watu wa síde, wanaokaa ndani ya vilima na ng'ambo ya maji. Nimeandika "malkia wa majini" mume wangu kasema wazazi watanitoa kwenye grupu. Nikaweka "malaika" nikaona namsingizia, malaika gani anachapa watu mijeledi. La pili, hilo la mume wa mtu nalipitishaje mbele ya mtoto wa miaka saba?

Kijana wa Forodhani
Dada hilo ni jini mahaba, yameisha. Mtu kachapwa na wanawake wawili hawaonekani, anaumwa mwaka hakuna anayejua kinachomsumbua, akiamka anamtaka huyohuyo wa ng'ambo na mke nyumbani hamuoni! Huku kwetu siku ya tatu tu angeshanyweshwa kombe.

Bi Mkasi
We mtoto jini mahaba lini likamuacha mtu kwa hiari yake? Mie hadithi hii naijua na mwisho wake Mama Tausi kauficha. Emer, mke mwenyewe, alisikia wamepanga kukutana chini ya mti, akatoka na wanawake hamsini kila mmoja na kisu. Cú Chulainn na dereva wake wa gari la farasi wameinamia mchezo wao wa ubaoni kama wacheza bao wa kijiweni, hawana habari, aliyewaona ni Fand. Basi Emer badala ya kuchoma mtu akaanza kusema, kwamba chekundu ndo kinaonekana kizuri, kipya ndo king'aavu, kilichozoeleka kinatupwa. Yaani kipya kinyemi ingawa kidonda, mwanamke kasema kanga nzima pale. Cú Chulainn akalegea. Na hapo Fand akasema niache mimi, Emer akasema hapana niachwe mimi ndo inafaa. Wakewenza wa kugombea KUACHWA mmewaona wapi? Fand akalia, akaondoka yeye. Na jina lenyewe hadithi inalieleza kuwa ni chozi, lile linalopita juu ya mboni. Usimwite jini huyo, ana haya kuliko binadamu wengi.

Mwl Mstaafu
Naongezea kidogo. Hadithi imo kwenye Lebor na hUidre, kitabu cha kale kilichoandikwa kwa mkono, kipo Dublin, Royal Irish Academy, na mmoja wa waandishi wake, Máel Muire, aliuawa 1106. Walioandika ni Wakristo, na mwishoni yameongezwa maneno kwamba hayo yote yalikuwa nguvu za mashetani kabla ya imani kuja, wajinga ndio wanawaita síde. Kwa hiyo hata aliyeandika zamani hizo alikwama hapo ulipokwama wewe akaamua kusema shetani, baada ya kusimulia kurasa na kurasa kwa raha zake. Mimi ningeacha neno lao, síde, tamka kama shii, uwaambie kilima.

Mama Tausi
Asante mwalimu, ila shii kwa hawa watoto wataishia kucheka. Nimekumbuka kitu, aliyenipa hadithi ni bibi mmoja ninayemhudumia kazini, na yeye hilo jina hata halitaji, anashusha sauti anasema "watu wema". Nilidhani ni kuwasifia.

Kipepeo wa Tabora
Si kuwasifia huko, anaogopa kuwaita! Bibi yangu usiku hasemi nyoka, anasema kamba. Watoto wenu wakipiga simu nyumbani wanayasikia hayohayo kwa bibi zao, hilo wataelewa bila kufafanuliwa. Weka Malkia wa Watu Wema, na ile mijeledi usiitoe, ndo itawafanya wajiulize wema gani huu. Hilo la mume sema alienda kusaidia vita akanogewa akasahau kurudi, wakubwa watajaza wenyewe.

Bi Mkasi
Na joho usisahau. Cú Chulainn kachanganyikiwa milimani hali hanywi, wanamnywesha maji ya kusahau, Emer naye akanyweshwa asahau wivu, halafu Manannán anakung'uta joho lake katikati ya Fand na yule bwana wasikutane tena milele. Chukua kanga uikung'ute kweli mbele yao.

Mama Tausi
Kanga ninayo. Nimemsomea mume wangu upya, Malkia wa Watu Wema kapita, kauliza tu kama vile visu hamsini vinabaki. Nimemwambia vinabaki.