Ajensi wananiita usaili wa uhasibu ila wanataka 60,000 ya fomu kwanza, nifanyeje?

mtafutaji_temeke
Wakuu habari za jioni. Nina diploma ya uhasibu, nimemaliza mwaka jana, nipo Temeke nakaa kwa dada. Nilisambaza CV kwenye ajensi za ajira hapa Dar, jana mmoja kapiga anasema nimechaguliwa kwenda usaili wa mhasibu msaidizi kwenye kampuni inayosambaza vinywaji, ila kabla ya siku yenyewe nitume 60,000 ya fomu na kupima afya, na namba aliyonipa inaleta jina la mtu binafsi sio la kampuni. Jina la mwajiri hataki kulitaja. Dada anasema nitume tu kwani kazi zimekuwa adimu. Halafu hata nikipata usaili wa kweli sijawahi kukaa mbele ya jopo, wanauliza nini wale? Naombeni msaada kwa mliopitia

nimekaa_ajensi
Mdogo wangu usitume hata mia. Nimefanya kazi ajensi ya ajira, hela yetu ilikuwa inatoka kwa mwajiri, yeye ndo mwenye shida ya mtu na ndo anayelipa akipelekewa anayemfaa. Hata mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997, kifungu cha 7, unasema wakala asimtoze mtafuta kazi, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka, na "fomu" ndo kuzunguka kwenyewe huko.

Muulize jina kamili la kampuni yake na namba ya leseni ya uwakala, maana sheria yetu ya kukuza huduma za ajira ya 1999 inataka wakala asajiliwe. Jina litafute mtandaoni kwa BRELA, wale wanaosajili makampuni, ila usiishie hapo, mtu anaweza kusajili kampuni ya kuuza mchele na bado akakuita usaili, kwahiyo nenda na ofisi ya kazi uulize kama wanamjua. Kuficha jina la mwajiri mwanzoni sio ajabu sana, ajensi wanaogopa mtu asije akaruka akaenda mwenyewe, lakini ukishaambiwa una usaili lazima ujue unaenda kwa nani, vinginevyo utajiandaaje? Na kupima afya kwa kawaida kunakuja baada ya ofa, nani anapima watu ambao hajawaona bado

mama_payroll
Naongezea kwenye usaili maana mimi ndo nakaa upande wa kuuliza. Nafasi ya msaidizi hatutafuti mtu anayejua vitabu vyote, tunataka kujua kama tukikuachia petikeshi (hela ndogo ndogo za matumizi ya ofisi) na makaratasi utalala usingizi na sisi tutalala. Swali ninalolipenda, bidhaa imeuzwa 118,000 pamoja na VAT (kodi ya ongezeko la thamani, 18%), VAT ni shilingi ngapi? Wengi wanakimbilia kupiga 18% ya 118,000, wakati jibu ni 18,000 kwa sababu kodi tayari ipo ndani ya ile bei.

Lingine, mfanyakazi ana mshahara wa 500,000 tupu bila marupurupu, anapeleka nini nyumbani? Unatoa kwanza mchango wake wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, 10% yaani 50,000, inabaki 450,000, hapo 270,000 ya mwanzo haina kodi, 180,000 iliyobaki unapiga 8% unapata PAYE (kodi ya mshahara) 14,400, anaondoka na 435,600. Ukiikokotoa taratibu kwa sauti hata ukikosea kidogo nakuelewa. Jua pia PAYE mwisho wa kuipeleka ni tarehe 7 ya mwezi unaofuata na ritani za VAT ni tarehe 20, na uweze kueleza kwanini salio la daftari lako na la benki hayafanani (cheki haijapita, makato ya benki, hela iliyowekwa jioni). Hiyo ya mwisho wanaanguka hata wenye digrii, inaniuma kweli kwa sababu ni kitu cha kukaa na kijana siku moja tu akakielewa.

Vyeti beba orijino na kopi, hakikisha majina kwenye cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na NIDA yanafanana, kama hayafanani shughulikia kiapo mapema.

juma_wa_mkataba
Mimi nasisitiza hapa, siku ya ofa uliza mwajiri wako ni nani, ajensi au ile kampuni? Maana kuna wanaokuajiri wao halafu wanakukodisha, unavaa fulana ya kampuni lakini mshahara unapita kwa ajensi. Sio vibaya ila mkataba uwe wa maandishi, useme nani analipa, nani anapeleka NSSF, likizo unamuomba nani. Nilipokuwa mahali fulani mchango ulikuwa unakatwa na haufiki, kwahiyo fuatilia mwenyewe. Na siku ukiachishwa kienyeji jua una siku 30 tu za kwenda CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi.

Kama huna uzoefu nenda pia TaESA, hawa ni wa serikali, wana mpango wa kuwapeleka wahitimu makazini kujifunza. Kazi za serikali zenyewe unaomba mwenyewe Ajira Portal, hakuna wakala pale, anayekwambia ana mtu ndani mkimbie

mtafutaji_temeke
Asanteni sana mmenifungua macho. Nimemuuliza leseni kakata simu. Kuna ajensi nyingine wameniita jumatatu bila hela na jina la mwajiri wamenitajia. Mama hapo juu, wakiuliza nataka mshahara wa kiasi gani nijibu nini? naogopa nikitaja kikubwa wataniacha

mama_payroll
Usijibu "chochote mtakachonipa" mwanangu, tunakuona hujui thamani yako. Mpigie yule wa ajensi kabla ya jumatatu umuulize mwajiri kapanga kati ya kiasi gani na kiasi gani, yeye anajua na hana sababu ya kukuficha maana anataka upite. Halafu piga hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi na chakula kwa mwezi, taja kiwango cha kuanzia kilicho ndani ya kile alichokutajia, na useme kama ni kabla ya makato au mkononi, hapo ndo watu wanapishana na mwajiri mwezi wa kwanza.