Tupeane uzoefu: kompyuta, simu na nukta nundu kwa wanafunzi wasioona

Wakuu, uzi huu ni wa walimu na wazazi wa wanafunzi wasioona na wenye uoni hafifu. Tuandike kinachofanya kazi darasani, kinachokwama, na sababu ya kukwama. Ukitaja programu, taja na vitufe vyake.

MwalimuKitengo
Kwenye Windows anzeni na NVDA, programu inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye skrini. Ni ya bure, na nakala yake inaweza kuwekwa kwenye flashi ikatumika kwenye kompyuta yoyote ya shule bila kusakinishwa. Kitufe chake kikuu ni Insert; nikiandika "NVDA+" nina maana ushikilie hicho. Kwenye laptop mnaweza kuchagua CapsLock.

Kilio kinachojirudia ni kwamba inasoma Kiswahili kwa lafudhi ya Kiingereza. Bonyeza NVDA+Ctrl+S, chagua eSpeak NG (injini ya sauti), kisha NVDA+Ctrl+V uchague sauti ya Kiswahili. Kama ukifungua Word inarudi kwenye Kiingereza, ni kwa sababu faili limewekewa alama ya lugha hiyo, na programu inaifuata. Ondoa tiki ya kubadili lugha kiotomatiki, ipo hapohapo kwenye mipangilio ya sauti. Sauti ya eSpeak ni ya kimashine na wanafunzi wengi huikataa mwanzoni. Punguza kasi, sikio likizoea, ongeza kidogo kidogo. Kitufe cha kwanza kumfundisha mtoto ni Ctrl, kinanyamazisha sauti. Asipokijua, kompyuta itamzungumzia mfululizo mpaka aichukie.

MamaKidatoChaPili
Mwalimu, shikamoo. Notsi za PDF zinazotumwa WhatsApp haisomi hata neno moja. Tatizo ni kompyuta?

MwalimuKitengo
Marahaba mama. Kompyuta haina kosa, hizo ni picha za daftari. Bonyeza Ctrl+A: kama hakuna maandishi yaliyochaguliwa, ni picha. Kwenye Windows 10 na kuendelea, NVDA+R hujaribu kutambua maandishi, lakini ya kilichopo kwenye skrini tu, na mwandiko wa mkono huvurugika vibaya. Dawa ya kweli ipo kwa anayeandaa notsi: aandike kwenye Word, na kila kichwa cha mada akiwekee Ctrl+Alt+1. Mwanafunzi akibonyeza NVDA+Space kisha H, anaruka kutoka mada hadi mada. Vichwa vikikozwa wino tu, atalazimika kusikiliza faili zima kutoka juu.

FundiPerkins
Kwenye mashine ya Perkins, ya kuandikia nukta nundu (maandishi ya kupapasa), malalamiko mengi chanzo chake ni karatasi. Karatasi ya fotokopi hutoboka, na nukta hulala baada ya kupapaswa mara chache. Tumieni manila. Kuingiza: zungusha vifundo vya pembeni kuelekea mbali nawe mpaka vigome, vuta vishikio viwili kuelekea kwako, weka karatasi, rudisha vishikio, zungusha kuelekea kwako mpaka igome, halafu bonyeza kitufe cha kushusha mstari. Hiki cha mwisho watoto hukisahau, nacho ndicho kinachofunga karatasi mahali pake. Vitabu vya nukta nundu visimamishwe kabatini. Mkivirundika, uzito hubonyeza nukta za vilivyo chini.

Simu_Darasani
Simu za Android zina TalkBack, inayosoma skrini kwa sauti. Nyingi huiwasha kwa kubana vitufe vyote viwili vya sauti kwa sekunde tatu, njia hiyo ikiwa imewezeshwa kwenye mipangilio. Ikijiwasha kwa bahati mbaya, watu hudhani simu imeharibika: gusa mara moja kuchagua, mara mbili haraka kufungua, vidole viwili kusogeza ukurasa.

BiMkubwa_Jiografia
Ramani: mpaka wa nchi bandikeni uzi mnene kwa gundi, Ziwa Victoria msasa, mito uzi mwembamba. Acheni angalau milimita 5 kati ya alama na alama, la sivyo kidole hakitenganishi. Mikoa, mito na reli visiwekwe kwenye ramani moja; tengenezeni tatu. Kwa wenye uoni hafifu, chapa ya saizi 18 au zaidi, wino mweusi, karatasi isiyong'aa. Na tafadhali, walimu wenzangu, someni kwa sauti kila mnachoandika ubaoni. "Hii hapa ukijumlisha na ile" haimsaidii mtu asiyeona ubao.