Kujua chanzo cha kifo: upasuaji wa maiti, CT skani au MRI?

Mwanamji:
Wakuu, salaam. Baba mdogo alilala mzima, asubuhi hakuamka. Alikuwa na miaka 54, na ugonjwa tuliokuwa tunaujua ni presha tu. Wazee hawataki aguswe na kisu, wanataka azikwe mapema. Watoto wake wanataka kujua kilichomuua, maana babu naye aliondoka hivyohivyo. Hospitali inasema tuchague: upasuaji wa kawaida, CT skani (picha za eksirei za tabaka kwa tabaka) au MRI (picha za sumaku). Ipi itatupa jibu la kuaminika?

Dkt_Patholojia:
Pole sana, ndugu yangu. Kwa mtu wa umri huo aliyefia usingizini, wa kwanza kushukiwa ni moyo, na kwenye moyo ndipo CT ya kawaida inapopwaya. Itaonyesha kalisiamu kwenye kuta za mishipa, lakini wapo wengi wanaotembea na kalisiamu hiyo wakiwa hai. Haikwambii kama mshipa uliziba usiku ule. Donge la damu kwenye mapafu nalo ni shida, kwa sababu damu huganda yenyewe baada ya kifo na pichani vinafanana.

Uingereza walichapisha utafiti mwaka 2012: maiti 182 za watu wazima zilipigwa CT na MRI, kisha zikapasuliwa. Chanzo kilichotajwa na CT kilitofautiana pakubwa na upasuaji katika asilimia 32, MRI asilimia 43. Yaliyopotea zaidi ni maradhi ya mishipa ya moyo, madonge ya mapafu na nimonia. Kwa kesi yako mimi ningepasua.

Fundi_Picha:
Dokta, takwimu hizo ni za kweli, ila zina sehemu ya pili. Pale mtaalamu wa radiolojia aliposema CT imetosha na upasuaji hauhitajiki, tofauti ilishuka hadi asilimia 16. Msomaji anayejua mipaka ya picha ana thamani kubwa kuliko mashine.

Tena kuna CT ya kung'arisha mishipa, ambapo dawa huingizwa kwa mrija kupitia tundu dogo shingoni hadi kwenye mishipa ya moyo. Wachunguzi wa Leicester, Uingereza, walichapisha matokeo yao 2017: kati ya maiti 210, njia hiyo ilitoa chanzo cha kifo kwa asilimia 92. Mwanamji, waulize kama wanayo.

Na kisu nacho hukosa mambo. Hewa iliyobana pafu hutoroka kifua kinapofunguliwa, wakati kwenye CT inaonekana wazi. Mivunjiko ya uso na uti wa mgongo, risasi, vipande vya chuma, hapo picha haina mpinzani. Ndiyo maana wachunguzi wa Bern, Uswisi, walianzisha mradi wa Virtopsy, wa kuchunguza maiti kwa picha.

Bi_Sheria:
Mawili tu. Kukiwa na shaka ya jinai, familia haichagui, mamlaka ndiyo huamua. Na hakuna picha inayoonyesha sumu. Inahitaji damu na mkojo maabara. Faida kubwa ninayoiona kwenye picha ni kwamba inabaki. Miaka ikipita, mtaalamu mwingine anaweza kuisoma upya bila kufukua kaburi.

Mama_Wawili:
MRI isidharauliwe jamani. Kwa watoto wachanga na mimba zilizoharibika ndiyo inayoongoza, kwa sababu viungo laini na ubongo huonekana vizuri. Utafiti wa 2013 wa watoto 400, waliokufa tumboni na waliozaliwa, ulikuta MRI ikiunganishwa na vipimo vya damu na kondo la nyuma inakubaliana na upasuaji kamili kwa takriban asilimia 89. Mimi nilimzika mwanangu bila kukatwa, na majibu nilipewa. Kwa mzazi hilo ni kubwa mno.

Mwanamji:
Asanteni sana. Nimeuliza, ile ya kung'arisha mishipa hawana. Wazee bado wamekaza.

Dkt_Patholojia:
Basi anzeni na CT leo hii. Ni dakika chache, mazishi hayatacheleweshwa. Ikionyesha damu imevuja ubongoni au aota (mshipa mkuu wa damu utokao moyoni) imepasuka, mmepata jibu na wazee wamepata walichotaka. Isipoonyesha kitu, waombeni wakubali moyo na mapafu tu vichunguzwe, sehemu nyingine za mwili zisiguswe. Wengi hukubali wakielezwa hivyo.

Kwa vyovyote, damu na mkojo vichukuliwe kabla ya kuzika, na sampuli moja ya damu ihifadhiwe kwa kipimo cha vinasaba. Nasema hivi kwa sababu ya babu: maradhi ya umeme wa moyo hurithiwa, na hayaonekani pichani wala kwa kisu. Hao watoto wake wasingoje majibu yoyote. Wakapimwe presha, lehemu na ECG (kipimo cha umeme wa moyo) wiki hii.