Tupeane uzoefu: mambo ya kale yaliyojificha ndani ya Dar

Wakuu, heshima kwenu. Watu wa Dar tukitaka magofu tunafunga safari Bagamoyo au Kilwa, wakati hapa hapa mjini yapo. Naanza mimi.

Kunduchi, ukiiacha barabara ya Bagamoyo na kushuka upande wa baharini, kuna msikiti wa kale wa matumbawe na chokaa. Zimebaki kuta tu, na mibuyu. Kilichonishika zaidi ni makaburi yenye minara. Kwenye mnara mmoja nilipitisha kidole ndani ya tundu la mviringo, limetulia kama sahani. Hapo palipachikwa bakuli la kaure kutoka China! Mengi yameshang'olewa, na roho inauma. Waliozikwa pale walikuwa na mali na biashara ya ng'ambo muda mrefu kabla Sultani Majid wa Zanzibar hajaanza kujenga Dar miaka ya 1860. Wewe mtaani kwako kuna nini?

Mzee wa Feri: Mkuu, miaka yote nalipita Boma la Kale pale Sokoine Drive nikiwahi boti ya Zanzibar. Siku nimeingia ndo nikajua lilijengwa 1867 kwa ajili ya wageni wa Sultani Majid. Inua macho uone boriti za mikoko, kisha gusa ukuta: ni matumbawe kama hayo ya Kunduchi. Majid alifariki 1870, mji ukadorora mpaka Wajerumani walipohamishia makao makuu hapa kutoka Bagamoyo, 1891.

Posta Mpya: Sanamu ya Askari nayo msiisahau. Imesimama tangu 1927. Kabla yake pale palikuwa na sanamu ya gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann. Waingereza walipouteka mji 1916 wakaiondoa.

Binti Kigamboni: Huku kwetu kuna makaburi ya kale Mbwamaji. Bibi alikuwa hataki kabisa tuchezee pale. Sasa viwanja vinauzwa kwa kasi, naogopa. Mtu akichimba msingi akakuta vigae vya vyombo vya zamani afanyeje?

Mleta uzi: Dada, aviache palepale alivyovikuta, apige picha, atoe taarifa Idara ya Mambo ya Kale au Makumbusho ya Taifa. Vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Kigae kikishatolewa ardhini ovyo, wataalamu hawawezi tena kujua kilikuwa cha nyumba, cha kaburi au cha msikiti.